Mto Tuliounyoosha

Mimi na mume wangu, pamoja na majirani wa kaya tano, ndio tuliounyoosha mto wetu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wajukuu wakiuliza bonde limekuwaje, watu wazima hujibu haraka kwamba ni mvua zimebadilika. Mvua zimebadilika kweli, sibishi. Lakini nilikuwepo, na karai la udongo nililibeba mwenyewe.

Bonde letu liko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Mto ni mdogo, sisi tuliuita "mto" tu. Ulitoka msituni juu, ukashuka kwa kelele katikati ya mawe, na ukifika kwenye tambarare chini ya nyumba zetu ukanyamaza. Hapo maji yalitawanyika ndani ya matete, yakawa kinamasi kikubwa. Ukikanyaga pembeni, ardhi ilitikisika mpaka hatua tatu mbele yako. Hakuna aliyelima mle ndani. Pembezoni tulipanda magimbi, na watoto tuliwakataza kusogea. Upande wa chini mto ulitoka tena, mwembamba, maji maangavu, changarawe unaziona moja moja. Kiangazi chote ulitoka hivyohivyo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini haukauki.

Dada yangu aliolewa chini ya mto huohuo, kama saa moja kutoka kwangu. Kwa mama yetu tulizaliwa wa kike wawili tu, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Alikuwa mfinyanzi. Kazi hiyo alifundishwa na bibi yetu. Mimi nilifundishwa pia lakini mikono yangu ilikataa, vyungu vyangu vililegea tumbo vikakaa chini. Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake, mwanaume hakaribii hata shimo la udongo. Shimo la dada lilikuwa ukingoni mwa mto, karibu na kwake. Udongo wake ulikuwa wa kijivu, laini, hauna chembe ya mchanga. Aliukanda, akausimamisha, kisha akainama na kuzunguka chungu kinyumenyume, mkono mmoja ndani, mwingine nje. Watu walitoka hadi Soni kuja kununua vyungu vyake vya kupikia.

Bei ya kahawa ilipoanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni. Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na vumbi yakajaa sabuni, kanga na redio, na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mlima kutafuta mboga. Kabla ya hapo mboga zetu tulizipeleka gulioni kwa kichwa. Sasa mwenye lori alikuja mwenyewe, akasimama barabarani, akauliza, "Kabichi mnazo? Karoti je? Nyanya?" Mume wangu alipanda lori moja hadi Dar es Salaam kujionea soko. Aliporudi hakulala vizuri wiki nzima. Siku moja tukiwa tunapalilia maharage alisimamisha jembe akaniambia:

"Mama watoto, mle kwenye matete kuna udongo mweusi ambao haujaguswa na jembe tangu dunia iumbwe."

"Na maji?"

"Maji tutayaonyesha njia."

Bwana shamba alipita mara moja na pikipiki. Alituambia tusikate mtaro moja kwa moja, na tuache ukanda wa matete kila upande. Tuliitikia. Alipoondoka mume wangu akapima ukanda huo kwa kamba, akaona ungekula nafasi ya matuta ishirini. Hatukuuacha.

Tulichimba siku tisa, kiangazi, wanaume na sururu na mabeleshi, sisi wanawake tukitoa udongo kwa makarai. Mtaro ulinyooka kutoka mawe ya juu mpaka pale mto ulipotokea chini. Siku ya tisa walipovunja ukingo wa mwisho, maji yaliondoka kwa mkupuo, meusi, yamebeba matete na vyura. Tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Baada ya wiki mbili unaweza kutembea katikati ya kinamasi na viatu vyako vikabaki safi.

Mavuno ya kwanza sijawahi kuona mfano wake. Kabichi zilikuwa kubwa, mtoto wa miaka sita anakumbatia moja tu. Dada alikuja kunisaidia kuvuna. Alibeba kwa kichwa hadi barabarani, safari baada ya safari, akiimba. Mwaka huo tuliezeka nyumba kwa bati na binti zangu wawili wakaenda sekondari. Dada alilishika bati jipya lililobaki, akaligonga kwa kucha, akasema, "Mdogo wangu umetoka." Alifurahi kwa ajili yangu, wala hakujilazimisha.

Masika yaliyofuata mvua zilikuja kama miaka yote. Ila maji hayakupata tena mahali pa kulala. Yalishuka mlimani, yakaingia mtaroni, yakakimbia. Na kwa kuwa kila mtu sasa alitaka shamba la mboga, miteremko nayo ilikuwa imelimwa mpaka juu, matuta ya zamani ya majani yaliyozuia udongo yameng'olewa. Udongo mwekundu uliteremka na maji. Kwetu haukusimama. Ulikwenda kusimama kwa dada.

Alikuja kunichukua mvua zilipokatika. "Twende ukaone," alisema, hakusema nini. Tulishuka pamoja. Pale ukingoni penye shimo lake palikuwa pamejaa mchanga na tope jekundu, sawasawa, kama uwanja. Alichukua jembe akachimba. Alifika magotini, akafika kiunoni, bado ni mchanga. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa, akautazama.

"Sipafahamu tena," alisema. "Nilikuwa napafahamu hata nikiwa nimefumba macho."

"Utapata pengine, dada."

"Pengine wapi?"

 Aliangua kicheko kifupi akanawa mkono. Kwa kweli mitungi ya maji watu walikuwa wameshaanza kuiacha, kila nyumba ina ndoo na madumu ya plastiki. Nilijifariji kwa hilo. Nikiwa njiani kurudi nilijiambia kwamba kazi yake ingekufa hata bila sisi. Huenda ni kweli. Lakini vyungu vya kupikia bado watu walivitaka, na yeye alikuwa hajawahi kufanya kazi nyingine iliyomfanya ajionee fahari.

Kisha zikaja pampu. Ya kwanza ilinunuliwa na jirani yetu, ya pili tukanunua sisi, na baada ya misimu miwili kulikuwa na pampu mtaro mzima, mabomba yamelala majanini kama nyoka. Zamani mtu aliyetaka kumwagilia alichepusha maji kwa jembe, tena kwa zamu. Pampu haikujua zamu. Aliyewahi kuwasha ndiye aliyemwagilia. Kiangazi cha mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mto haukutoka upande wa chini.

Dada alikuja asubuhi, tukiwa shambani, pampu inanguruma. Nilimwona anakuja na kanga mbili, zile za kutokea. Nikajua si matembezi ya kawaida.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Shemeji na wanao?"

"Wako huko." Akamgeukia mume wangu. "Shemeji, nimekuja kuomba maji."

Mume wangu aliweka mkono sikioni. "Unasemaje?"

Dada hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alirudia vilevile, na pampu ikammeza tena. Mume wangu angeweza kuizima. Mimi pia ningeweza. Nilikuwa karibu zaidi na mashine. Hatukuizima. Ikabidi dada apige kelele, mwanamke mzima, mbele ya vibarua:

"Naomba maji! Siku mbili tu kwa wiki mzime, na sisi yatufikie! Tunachota kwenye madimbwi!"

Mume wangu alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, na nisimsingizie. "Shemeji, mimi nikizima, wa juu na wa chini yangu hawazimi. Maji yatachotwa na wao. Vuli ikianza yatafika."

Dada alinitazama mimi. Aliniachia nafasi kubwa ya kusema. Nami nikasema:

"Dada, kabichi zimeanza kufunga vichwa. Zikikosa maji wiki hii, tumekwisha."

Maneno hayo nayakumbuka kuliko yale niliyoambiwa siku ya ndoa yangu. Yalikuwa kweli. Alitikisa kichwa polepole, akakaza kanga kiunoni.

"Haya mdogo wangu. Nimesikia."

Alishika njia bila kusimama. Nilimpa binti yangu mdogo kabichi mbili amkimbilie nazo. Mtoto alirudi nazo. Alisema, "Mama mkubwa amesema asante, mikono yake imechoka."

Kuanzia hapo hakuja tena kwa haraka. Nilisikia habari zake gulioni. Mwanamke mmoja wa kule chini aliniambia mbuzi watatu wa dada wamekufa siku moja, walikunywa maji kwenye dimbwi. Aliniambia akinitazama usoni. Mimi niliinama nikapanga nyanya zangu. Nilijua wiki ile nilisafisha bomba la kunyunyizia dawa mtaroni, kama tulivyofanya wote, na maji kidogo yaliyokuwa yakipita yalikwenda hukohuko. Inawezekana haikuwa dawa yangu. Tulikuwa wengi tunaopiga dawa. Sikumwuliza dada, na yeye hakunieleza.

Mwaka uliofuata walihama. Shemeji alipata ndugu kule Magoma, chini ya mlima, aliyewaonyesha shamba la kukodi. Nilikwenda kumuaga. Vyombo vilikuwa vimefungwa, na uani palikuwa na vyungu vitano ambavyo havijachomwa, alivyofinyanga kwa udongo wa mwisho aliokuwa ameuhifadhi ndani ya magunia mabichi. Nilimuuliza atavifanyaje. Aliviponda kwa mguu kimoja kimoja, bila hasira, kama mtu anayezima jiko.

"Haviwezi kusafiri vibichi," alisema.

"Ungevichoma."

"Kuni nimegawa."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Badala yake nilimwambia ajihadhari na mbu wa tambarare, anunue chandarua. Akasema, "Inshallah," akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika birika.

Watu wa milimani tukishuka chini, homa hutupata vibaya. Kila mtu anajua. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka minne, alifariki kabla hata mahindi yao ya kwanza hayajachanua. Habari zilinifikia siku lori limesimama barabarani na matenga yangu nusu yamepakiwa. Mjumbe alinikuta nimeshika tenga. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikakaa chini kwenye nyasi, nikalia. Kisha nikainuka nikaendelea kupakia, kwa sababu lori halingesubiri na nyanya zingeoza. Nilikwenda siku ya tatu.

Nilishuka kupitia Mombo na Korogwe, nikafika Magoma alasiri, joto limekaza. Dada alikuwa amekaa mkekani na wanawake wasiomjua vizuri. Nilipiga magoti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umefika salama? Mpeni maji mdogo wangu, ametoka mbali."

Waliniletea maji ya kisima kwenye kikombe cha plastiki. Yalikuwa na ladha ya chumvi. Nilikunywa yote kwa sababu alikuwa ananitazama.

Nilikaa siku nne. Nilimsaidia kupika, kufua, kupokea watu. Hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililonishinda. Siku ya mwisho, tukiwa wawili tu tunachambua mchicha, nilimuuliza kama amejaribu udongo wa huku.

"Nimejaribu. Unapasuka motoni. Una vijiwe vya chokaa ndani."

"Vyungu vyote?"

"Vyote. Nimeacha."

"Dada, siku ile ya pampu..."

"Mchicha wako umebakiza mizizi," alisema. "Ichambue vizuri." Akaanza kunieleza habari za palizi. Nikachambua.

Kuhusu sisi, tulipata misimu mingine kama sita, kila mmoja dhaifu kuliko uliotangulia. Mtaro tuliouchimba kufika kiunoni ulijichimba wenyewe kila masika. Ulifika kifuani, ukampita mtu kimo, mwisho ukawa korongo, ukisimama ndani unaona mbingu kama mstari. Maji yakawa chini kabisa. Ule udongo mweusi, tuliodhani hautachoka, ulikauka, ukanywea, ukapasuka mipasuko ya kuingiza mkono. Ukiumwagilia maji yanapita moja kwa moja. Pampu zikahitaji mabomba marefu, halafu zikahitaji pampu kubwa zaidi, halafu ikaja Septemba moja hakuna cha kupampu. Tulisikiliza mashine inavyokohoa hewa. Mume wangu aliizima, akaifunika gunia.

Masika yaliyofuata korongo lilichukua migomba yetu yote ya chini na sehemu ya shamba la jirani. Lilibomoka mchana, tunaliona, tumesimama na makoti. Jirani alikuwa anaita Mungu. Mume wangu alisema, "Tulifukie."

Na tulijaribu, sitaki mtu aseme hatukujaribu. Kaya zote sita tuliitana tena, tukiwa wazee zaidi. Tulijaza mawe, tukapanga magunia ya udongo, tukapigilia miti ya mikaratusi kutoka ukingo hadi ukingo. Bwana shamba mwingine, kijana, alituambia turudishe matete. Tulikwenda kuyaomba bonde la pili, tukayabeba na mizizi yake migongoni, akina mama kumi na mbili, tukayapanda sakafuni mwa korongo na kwenye yale mabaki ya kinamasi. Tuliyamwagilia kwa ndoo. Fikiria, kumwagilia matete. Yalishika kidogo, yakatoa machipukizi, nikaanza kushuka kila asubuhi kuyaangalia. Nikatuma salamu Magoma kwa mtu anayeshuka: mwambieni dada tumeanza kuurudisha mto, aje aone.

Mvua ya kwanza kubwa ilidumu alasiri moja. Iliondoa magunia, miti, mawe na matete, ikayapeleka chini. Asubuhi hatukukuta hata gunia moja la kutuonyesha tulipanga wapi. Jibu la dada lilifika baada ya siku chache kwa mdomo wa mtu yuleyule. Alisema, "Mwambie nimefurahi. Lakini nirudi kwenye nini?" Sikumtumia habari za mvua.

Mume wangu hakupanda mboga tena. Alikwenda kulinda nyumba za watu Tanga, akarudi anaumwa kifua, akafia nyumbani. Kabla hajafa alipenda kukaa upande wa nyumba usioona bonde. Binti zangu wameolewa mbali. Dada bado yuko Magoma, macho yamedhoofika. Tunaonana kwenye misiba na Idd mojamoja. Tunaongea vizuri. Mimi nampa shikamoo, yeye ananiuliza afya, na hapo ndipo tunapofika.

Maji ya kunywa sasa nachota bonde la pili, walikotupatia matete. Wenyeji wa kule hawatunyimi. Kinamasi chao bado kipo, na mto wao unatoka kiangazi chote. Mwezi uliopita nilikuta vijana wamepigilia vigingi vya mti na kufunga kamba iliyonyooka kutoka juu mpaka chini, sururu zimelala pembeni. Pilipili hoho zina soko zuri sasa.

Nilitua dumu nikawaambia. Niliwaambia yote, tangu siku tisa zetu mpaka magunia, na habari za dada pia, ingawa si kawaida yangu kuzisema. Walisimama wakanisikiliza kwa heshima, wanaume walivua kofia. Nilipomaliza, mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alinijazia dumu akanisaidia kulitwika.

"Tumekusikia mama," alisema. "Ila sisi tutachimba kidogo tu."

Nikamshukuru kwa maji. Nilipofika kwenye mwinuko nilisikia sururu ya kwanza inapiga, nikaendelea kutembea ili maji yasimwagike.